Mteremko Ulioungua Nusu

Moto wa nne wa ami Lazhar uliishi sekunde thelathini na nane tu.

Sikitu Mgaya alikuwa bado njiani, anapanda mlima kwa shida, pale droni sita zilipofyatuka kutoka kwenye mlingoti na kupita juu ya kichwa chake. Watu wa kijiji cha Ain Snouber waliziita nzi, ingawa kila moja ilikuwa kubwa kama meza ya kulia chakula. Zilimwaga unga wao mweupe, zikageuka, zikarudi kulala. Alipofika juu alimkuta mzee amekaa kwenye jiwe, mweupe kuanzia kofia hadi viatu kama mtu aliyeangukiwa na gunia la ngano, kiberiti bado mkononi.

"Hujachoka tu, ami?"

"Nimechoka, binti yangu. Nina miaka themanini na minne. Lakini kiberiti si mzigo."

Kwa sheria, Sikitu alipaswa kumkamata. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Pazia, mfumo wa vihisi na droni za kuzima moto, katika milima hii ya kaskazini mwa Tunisia, na Pazia halikuwa na mzaha na mtu anayewasha moto nje. Miaka thelathini na mmoja iliyopita ndege zilinyunyiza vihisi vidogo kama punje za mtama juu ya kila bonde, na tangu siku hiyo hakuna cheche iliyotimiza dakika moja. Moto wa jikoni uliruhusiwa, mradi uwe na kuta nne na paa. Mwingine wowote uliuawa.

Hakumkamata. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yanamuuma, na mzee alimkaribisha chai.

Nyumba ya Lazhar ilikuwa ya mwisho kijijini, mahali kichaka kilipogusa ukuta. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kumenya mialoni, kuivua magome mazito yanayokwenda kutengenezwa vizibo vya chupa, kisha kuupaka kila mti namba ya mwaka uliomenywa ili usiguswe tena mpaka uvae koti jipya. Alichukua kutoka dirishani tunda la msonobari, gumu, magamba yamebanana, akampa na kisu.

"Hebu lipasue."

Kisu kilichepuka. Utomvu uliyagandisha magamba kama gundi ya seremala.

"Limefungwa hivyo miaka ishirini," mzee akasema, akaliweka ukingoni mwa jiko la mkaa, pembeni ya birika. Wakanywa chai. Tunda likaanza kulia, tak, tak, na magamba yakafunguka moja baada ya jingine mbele ya macho ya Sikitu. Mbegu ndogo zenye bawa zikamwagika juu ya sinia.

"Umeona? Msonobari huu haukosi mbegu, unakosa moto. Zamani ulikuja mdogo mdogo, wa radi, wa wachungaji. Ulikula vichaka, ukayafungua haya, ukapita. Mwaloni nao una koti lake, hauungui kirahisi. Sasa tembea msitu mzima uniletee msonobari mmoja mchanga. Mmoja tu!"

Sikitu alijua hakuna. Alijua pia kilichokuwepo badala yake: vichaka vikavu vinavyomfika mtu kifuani, na matawi mafu yanayoning'inia kutoka chini hadi juu, ngazi tayari kwa mwali kupanda.

"Nao ukija mkubwa," Lazhar akauliza taratibu, "nzi wako watauweza?"

Sikitu alitazama ndani ya glasi yake. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa ameliandika mwenyewe.

*

Lilikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa ripoti yake ya kwanza, kwa herufi ndogo, mahali ambapo wakubwa hawafiki. Mwali ukizidi mita kumi na tano, joto lake huvuta upepo wa kwenda juu, na upepo huo huupeperusha unga kabla haujatua. Kwa maneno mengine, Pazia lingeweza kuzima kila moto isipokuwa ule unaoua. Alipoandika, vichaka vilikuwa vya magotini na mwali wa namna hiyo ulikuwa hesabu tu.

"Kamwene, dada," Ngwale akamsalimu kwa lugha ya kwao Sikitu alipoingia ofisini, bila kuondoa macho kwenye skrini. Ngwale alikuwa msaidizi wake, mtu wa Mufindi kama yeye, na kwa kawaida hakuisha utani. Leo uso wake ulikuwa umemshuka. "Shehili inakuja. Jumatano mchana."

Shehili ni upepo wa jangwani, unaotoka kusini na kukausha hata mate mdomoni. Ngwale aligusa skrini na ramani ya bonde ikajitokeza: kijiji katikati, mteremko wa kusini juu yake umejaa misonobari na vichaka, na upande wa kaskazini barabara moja tu, kilomita kumi na nane ndani ya korongo lenye msitu pande zote.

"Shehili tatu zimepita bila kitu," Sikitu akasema.

"Hizo hazikuwa na radi kavu. Hii inayo. Dada, nimepiga hesabu mara nne. Moto ukiwaka nyuma ya ule mlima, utafika kijijini kwa dakika ishirini na tano. Watu mia mbili na kumi na wawili."

"Na tukiuchoma mteremko sisi wenyewe kesho, upepo ukiwa bado wa baharini na mbichi?"

Ngwale akageuka, macho yamemtoka. Kwa miaka kumi na miwili waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, kuchoma.

Kule Mufindi, Sikitu akiwa na miaka tisa, baragumu la moto lilipopigwa kila kaya ilitoa mtu mmoja na tawi bichi la mkaratusi. Ndiyo ilikuwa sheria ya kijiji, maana mipaina ilikuwa ada za shule, mabati na mahari. Baba yake alitoka akitania kwamba atarudi kabla ugali haujapoa. Wakamkuta yeye na wenzake sita kwenye makorongo, wote wamelala vichwa vikielekea juu. Walikuwa wanakimbia kupanda, na hakuna kinachopanda mlima haraka kama moto. Mtoto yule alikula yamini kwamba akikua atauua moto popote ulipo. Akasoma, akafika mbali, akatimiza. Somo la shamba la baba yake, lenye miti iliyopandwa kwa mistari na mikono ya watu, akalitandaza juu ya msitu ambao hakuna aliyeupanda.

"Tukiuchoma sisi ukatuponyoka," Ngwale akasema, "tutakuwa tumewaua kwa mikono yetu. Tukikaa kimya ukawaka, ni radi."

"Watakufa vilevile."

"Lakini hatutakuwa sisi, dada."

Sikitu hakumlaumu. Alilisikia neno hilo likimvutia yeye pia, na aibu ikamshika. Kiganja chake ndicho kilikuwa ufunguo pekee wa kulilaza Pazia katika bonde hili. Makao Makuu wangekataa, kwa hiyo hakuwauliza. Kulikuwa na jambo moja tu la kukumbuka: Pazia likilazwa kisha likaamshwa, halikubali kulazwa tena mpaka siku tatu zipite. Sharti hilo nalo alilitunga yeye, kwa kuogopa asije akatokea mtu wa kuchezea.

*

Jumanne kulipopambazuka aliweka kiganja juu ya kioo cha kifaa chake, na mvumo ambao masikio yake yaliuzoea kwa miaka thelathini na mmoja ukakatika. Kimya kile kilimtetemesha.

Nusu ya kijiji ilikuwa imepanda na reki, majembe na ndoo. Lazhar aliwapanga kwa fimbo kama anayepanga meza za harusi. Mteremko aliugawa mara mbili kwa njia ya mbuzi inayoukata katikati: nusu ya juu asubuhi, nusu ya chini, ile inayogusa nyumba, alasiri. Moto utiwe kileleni ushuke wenyewe. "Ukishuka ni mlemavu," aliwaambia. "Ukipanda ni farasi. Msiupe nafasi ya kupanda."

Kisha akamkabidhi Sikitu debe lenye mdomo mrefu, linalodondosha mafuta yanayowaka.

"Mimi, ami? Siwezi."

"Wewe ndiye uliyeufungia nje. Wewe utaufungulia."

Alitembea kileleni. Kila tone lililodondoka lilitoa ua dogo jekundu, na kila ua lilimfanya atake kulikanyaga. Hakulikanyaga. Moto ukashika vichaka, ukashuka polepole ukitafuna, mwali wake haufiki kiunoni. Misonobari mikubwa ilisimama juu yake, magome yameunguzwa chini tu, na juu kabisa, kwenye joto la moshi, matunda yakaanza kulia. Tak, tak, tak, mlima mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Ngwale, amepaka masizi usoni mpaka masikioni, akamwambia kwa redio kwamba akirudi Mufindi hatakuta mtu wa kumwamini, na Sikitu akajikuta anacheka, huku machozi ya moshi yanamtoka.

Ilipofika saa tano, nusu ya juu ilikuwa imebaki ukanda mwembamba tu wa kumalizia, juu kidogo ya njia ya mbuzi. Watu wakateremka kunywa maji. Ndipo mtu akauliza Lazhar yuko wapi.

"Amerudi juu," akajibu mwanamke mmoja. "Kuangalia mialoni yake ya msimu huu."

Mialoni arobaini na miwili aliyoimenya mwezi uliopita haikuwa na koti. Alikuwa amekwangua majani makavu kuizunguka kila mmoja kwa reki, siku nne mfululizo, na roho yake ilikuwa huko.

Wakati huohuo upepo uligeuka, kwa pumzi moja tu. Kichaka kikubwa chenye mafuta, pale kwenye ukanda uliosalia, kikalipuka kwa mlio. Mwali ukaruka hadi matawi ya msonobari, ukapanda. Moshi mweusi ukaanguka kati yao na mlima, na Sikitu hakuona tena kitu kule juu.

"Ami Lazhar!" akaita kwenye redio. "Ami, jibu!"

Kimya.

"Dada, subiri!" Sauti ya Ngwale ikaingia. "Usiliamshe Pazia! Moto unakwenda palipoungua, utakosa chakula! Ukiliamsha, nusu ya chini hatuichomi tena!"

Alisikia kila neno na akalielewa. Mwali ule ulikuwa mita nane, labda tisa. Lakini macho yake hayakuona msonobari, yaliona mpaina, na kwenye moshi ule mtu alikuwa anakimbia kupanda, kichwa kikielekea juu. Watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa namba ya Jumatano. Huyu alikuwa na jina na alikuwa anaungua sasa hivi. Kiganja chake kilikuwa kwenye kioo kabla hajaamua.

Mvumo ukarudi. Nzi arobaini wakafunika jua.

Alipanda mbio, unga unamnyeshea, anapiga kelele jina la mzee. Alimkuta amekaa kwenye majivu chini ya mwaloni wa namba ya mwaka huu, miguu ameinyoosha, anakula tende. Redio aliitundika kwenye tawi, imezimwa. Hakuwa na hata nywele moja iliyoungua.

"Ami..." Akaishiwa pumzi.

Lazhar alitazama unga mweupe ukitua juu ya mlima mweusi. Alielewa upesi kuliko Sikitu alivyotaka.

"Umeliamsha," akasema.

"Nilidhani umekufa!"

"Binti yangu, nimekaa mahali palipokwisha kuungua. Moto utarudi hapa kufuata nini?" Hakukaripia, na afadhali angekaripia. Aliweka kokwa ya tende mfukoni, akamshika mkono, naye Sikitu akalia kwa sauti kama mtoto wa miaka tisa.

*

Jumatano saa sita shehili ikaingia. Milango ikajibamiza, kuku wakatanua mabawa, na mbingu ya kusini ikawa ya manjano. Saa saba kasoro radi zikapiga bila tone la mvua.

"Mioto kumi na mmoja," Ngwale akasoma. "Tisa imezimwa. Kumi. Wa kumi na moja..." Kwenye skrini nzi walikwenda wakarudi, wakaenda tena, na unga wao ulipaa angani kama moshi wa pili. Kila kitu kilikuwa kama ukurasa wa arobaini na moja ulivyosema.

Simu ya Makao Makuu ilikuwa tayari inaita. Amri ilikuwa fupi: watu wote wapande magari, watoke kwa barabara ya korongo, mara moja.

Sikitu alitoka uani. Magari yalikuwa yamekwisha washwa, magodoro juu, watoto ndani, nyuso zote zinamtazama yeye. Korongo lilikuwa na kilomita kumi na nane za msitu mkavu, na cheche za shehili hurukia mbali. Upande wa pili, juu ya paa la nyumba ya Lazhar, kulikuwa na nusu ya chini ya mteremko, kavu, haijaguswa na moto kwa sababu yake. Na juu ya hiyo, chini kabisa ya ule moshi unaokuja, kulikuwa na weusi wa palipoungua jana.

Alichotaka kusema kilikuwa kinyume cha kila kitu mwili wake ulichokijua kwa miaka arobaini na tisa. Makao Makuu wakisema barabara na watu wakafia barabarani, kosa ni la Makao Makuu. Akisema yeye, ni lake. Akapiga moyo konde.

"Zimeni magari!" akapaza sauti. "Hatuendi barabarani. Tunapanda!"

"Tunapanda wapi?" mwanamume mmoja akafoka. "Moto si unatoka huko huko?"

"Tunaufuata. Tunapita njia ya mbuzi mpaka palipoungua jana. Jana nilikosea, na nyumba zenu zitaungua kwa kosa langu, nawaambia waziwazi. Lakini pale juu hakuna cha kuwaka. Tuna dakika ishirini."

Hakuna aliyejongea. Kisha Lazhar akapita katikati yao na fimbo yake, akaanza kupanda bila kugeuka nyuma, akisema tu, "Bebeni maji, na blanketi za sufu. Nailoni acheni."

Wakamfuata. Njia ilikuwa nyembamba na vichaka viliwakwaruza pande zote, vikavu, vinanuka mafuta. Mbele yao mbingu ilinguruma. Sikitu alitembea wa mwisho akimbeba mtoto asiyemjua, na kila hatua miguu yake ilitaka kugeuka. Watu walikuwa wanalia na kusali. Walipofika kwenye majivu, Lazhar aliwaketisha katikati, chini ya mialoni yake iliyokwanguliwa majani, wamebanana, blanketi zimeloweshwa. Ngwale alikuwa anahesabu kwa kidole.

"Mia mbili na kumi na wawili," akasema. "Na sisi wawili."

Moto ulitokea kileleni wote kwa pamoja, ukuta mrefu kuliko minara miwili ya msikiti, na sauti yake haikuacha nafasi ya sauti nyingine. Sikitu alifumba macho. Joto likapita juu ya blanketi, likamchoma masikio na viganja. Akasubiri kuungua. Ukuta ulifika kwenye ukingo wa weusi, ukainama, ukatafuta, ukagawanyika kushoto na kulia. Cheche zikapita juu yao kwa maelfu, zikaangukia nusu ya chini, na nusu ya chini ikalipuka. Kisha nyumba ya Lazhar. Kisha nyingine. Akafumbua macho akatazama, kwa sababu aliona hana haki ya kutotazama. Saa nane na nusu korongo lote la barabara likawaka, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanamume yule aliyemfokea akaliona, akaufunika uso kwa mikono miwili.

Baadaye sana kelele zilipungua. Watu walikohoa, wakaitana majina. Bado upepo wa moto ulikuwa unavuma, na kwenye matawi ya misonobari juu yao, matunda yaliyolegezwa jana yalikuwa yanafunguka hadi mwisho. Kitu chepesi kikamgusa Sikitu shavuni. Akaruka kwa hofu, akidhani ni cheche, akainua mkono kuipangusa.

Lazhar aliukamata mkono wake. Kofia yake, mabega yake, vitambaa vya wanawake na nywele za watoto vilikuwa vimejaa mbegu zenye bawa.

"Iache," akasema. "Iache ianguke yenyewe."

Sikitu akaushusha mkono. Majivu aliyoyakalia yalikuwa na uvuguvugu.